Namna ya Kuandika Utoto na Mahangaiko ya Mwanamuziki wa Roki kwa Msikilizaji wa Nyanda za Juu Kusini

Makala nyingi za maisha ya wanamuziki wa kigeni zinazoandikwa na vijana wetu wa Mbeya, Iringa na Njombe kwa ajili ya redio au klabu za shule huanzia pale msanii alipopata jina na kuishia pale alipofariki, na utoto wake hupewa sentensi mbili tu: kwamba alizaliwa mahali fulani, na kwamba alilelewa katika mazingira magumu. Msikilizaji hutoka hapo akiwa hajui ugumu huo ulikuwa wa namna gani, nani alijaribu kuupunguza, wala kijana mwenyewe alifanya nini asubuhi wakati wenzake wanakwenda shule. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuziandika vizuri sentensi hizo mbili, yaani kuzifungua hadi ziwe makala nzima. Mfano nitakaoutumia ni Kurt Cobain, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya Nirvana, kwa sababu maisha yake ya mwanzo yamechunguzwa kwa kina, watu waliomlea na waliopiga naye muziki wamezungumza hadharani, na masimulizi yenyewe yanapingana kiasi cha kumfundisha mwandishi kazi yake.

Kuna imani moja ambayo ningependa mwandishi aiweke pembeni kabla hajashika kalamu, nayo ni ile isemayo kwamba mateso ndiyo yaliyomfanya msanii awe msanii. Nimekuwa nikiandaa makala za muziki kwa ajili ya redio hapa Mbeya, na sijaona imani inayoharibu kazi kama hii. Vijana wengi huachwa na wazazi, huugua, hufukuzwa nyumbani, na hawaandiki hata wimbo mmoja. Wachache huandika, na ukifuatilia kwa makini utakuta kati ya shida na wimbo pana miaka ya mazoezi, pana mtu aliyetoa ala, pana mahali pa kurekodi. Mwandishi anayeruka miaka hiyo humwacha kijana wa Ilomba au wa Makambako akidhani kwamba maumivu yake yanatosha kumfikisha, au, vibaya zaidi, kwamba akitafuta msaada atapoteza kipaji.

Kalenda kwanza

Chukua kaunta buku na upige mistari ili upate safu tatu: mwaka, umri, na mtu ambaye msanii alikuwa akiishi kwake. Safu ya tatu ndiyo yenye uzito, na ndiyo inayosahauliwa. Watu wengi hukusanya tarehe za albamu na tuzo, ambazo zinapatikana kwa urahisi, kumbe utoto hauendi kwa tarehe hizo. Mtoto huhesabu maisha yake kwa nyumba alizolala na watu waliompikia.

Kwa Cobain, safu hiyo huanza tarehe 20 Februari 1967 katika mji wa Aberdeen, jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Baba yake, Donald, alikuwa fundi wa magari, na mama yake, Wendy, aliwahi kufanya kazi ya kuhudumia wateja mgahawani. Mdogo wake wa kike, Kimberly, alizaliwa mwaka 1970. Mwaka 1976, Kurt akiwa na miaka 9, wazazi waliachana. Kuanzia hapo safu ya tatu haitulii: alikaa na baba yake katika mji jirani wa Montesano, baba akaoa mke mwingine, kijana akapelekwa kwa ndugu mmoja na kisha mwingine, akarudi kwa mama yake Aberdeen, akakaa kwa familia ya rafiki yake waliokuwa Wakristo wacha Mungu, na mwaka 1985 akaacha shule ya sekondari wiki chache tu kabla ya kumaliza. Ukiyaandika haya kwa mpangilio, bila kivumishi chochote, msomaji ataona mwenyewe kwamba kati ya miaka 9 na 18 kijana huyu alibadilisha kitanda mara nyingi kuliko anavyostahili mtoto yeyote. Hapo huhitaji kuandika neno «uchungu». Safu imeshalisema.

Usiruhusu safu ya tatu ibaki na nafasi tupu bila kuiwekea alama. Pale ambapo hujapata nani alimtunza, weka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu na uendelee kutafuta, kwa maana mara nyingi nafasi hiyo tupu ndiyo inayoficha bibi, jirani au mwalimu ambaye hakuwahi kuhojiwa na mtu.

Mji ueleweke kabla ya mtoto

Msikilizaji wetu akisikia «Marekani» huona maghorofa na barabara pana. Aberdeen haikuwa hivyo. Ulikuwa mji wa watu wasiofika 20,000, uliojengwa juu ya biashara ya magogo na mbao, ukiwa takribani kilomita 170 kutoka Seattle, umbali unaokaribia ule wa kutoka Mbeya mjini hadi Makambako. Mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mtu wa Tukuyu hahitaji kuelezwa zaidi. Ukitaka msikilizaji auone mji huo, mpeleke Mafinga: mwonyeshe malori ya magogo ya mipaini yanayoshuka kutoka Sao Hill, sauti ya mashine za dingdong zinazopasua mbao toka alfajiri, unga wa mbao ulioganda kwenye matope, ukungu usioondoka hadi saa nne, na mtu anayejua kwamba kazi iliyompa baba yake nyumba ndiyo itakayompa yeye chakula. Kisha mwambie kwamba katika Aberdeen ya utoto wa Cobain, kazi hiyo ilikuwa inapungua mwaka hadi mwaka, na wanaume waliokuwa wamezoea mshahara wa msitu walianza kukaa baa mchana.

Ulinganisho huu una mpaka wake, na mwandishi aseme wazi mpaka huo uko wapi. Mtoto wa Aberdeen alikuwa na umeme, televisheni na shule yenye darasa la sanaa, na Cobain alisifiwa kwa uchoraji wake tangu akiwa mdogo. Umaskini wa mji uliopoteza viwanda si umaskini wa kijiji kisicho na barabara. Ukivichanganya, msikilizaji wa Makete atakushika mara moja.

Kupima simulizi la daraja

Hapa ndipo kazi ilipo, na ningemshauri mwandishi atumie nusu ya muda wake wote katika sehemu hii.

Vyanzo vya maisha ya msanii havina uzito sawa. Yuko mtu aliyekuwepo na kuona kwa macho yake. Yuko msanii mwenyewe akisimulia miaka mingi baadaye mbele ya mwandishi wa habari. Yuko mwandishi aliyewahoji watu wengi na kulinganisha maneno yao. Na wako wale wanaonakili wengine bila kumpigia mtu simu. Kila jambo unaloliandika kwenye daftari, weka pembeni yake alama ya kuonyesha limetoka kwa nani kati ya hawa. Ukikuta ukurasa mzima una alama ya wanakili watupu, ujue bado hujaanza.

Simulizi mashuhuri kuliko yote kuhusu ujana wa Cobain ni lile la daraja. Aliwaeleza waandishi wa habari kwamba baada ya kutoka nyumbani kwa mama yake aliishi kwa muda chini ya daraja la Young Street, linalovuka mto Wishkah mjini Aberdeen. Simulizi hilo lilipendwa, likarudiwa, na mashabiki husafiri hadi leo kwenda kuliona daraja hilo. Lakini Krist Novoselic, mpiga gitaa la besi wa Nirvana aliyeishi mji huohuo na kumfahamu Cobain kabla bendi haijaundwa, alisema baadaye kwamba rafiki yake alikuwa akienda kushinda pale, ila hakuweza kuishi kwenye kingo zile za matope ambazo maji hupanda na kushuka.

Sisi tunaokaa mbali na bahari tunaweza kuupita ushahidi huo bila kuuelewa, kwa hiyo mwandishi auelezee. Mto Wishkah unamwaga maji yake karibu kabisa na bahari, na kwa sababu hiyo maji yake hufuata kujaa na kupwa. Mahali palipokuwa pakavu jioni panaweza kuwa chini ya maji usiku wa manane. Mito yetu, iwe Kiwira au Ruaha Mdogo, hupanda kwa mvua na kushuka kwa kiangazi, na mtu akilala chini ya daraja wakati wa kiangazi hakuna kitakachomwamsha isipokuwa baridi. Kumbe kule mto wenyewe unatoa ushahidi, na ushahidi wa mto hauna sababu ya kumpendelea mtu.

Sasa uandike nini? Si sahihi kuandika kwamba aliishi chini ya daraja, na si haki kuandika kwamba alidanganya. Mfano wa sentensi inayobeba mzigo wote ni huu: «Cobain alisimulia kwamba aliishi chini ya daraja hilo, Novoselic, aliyekuwa karibu naye, alieleza kwamba alikuwa akishinda pale lakini mto usingemruhusu kulala, lililo wazi ni kwamba katika kipindi hicho hakuwa na nyumba ya kudumu na alilala kwa marafiki na popote alipopata.» Sentensi ni ndefu, lakini ikisomwa kwa utulivu inaeleweka, na inamheshimu kila mmoja. Baada ya hapo unaweza kujiuliza kwa sauti, mbele ya msikilizaji, kwa nini kijana aliyekosa makao achague daraja kuwa picha ya kipindi hicho. Mtu aliyelala kwenye makochi ya watu kumi hana picha moja ya kumwonyesha anayemuuliza. Daraja linakusanya yote. Hilo ni wazo langu, na ukilitumia, liseme kuwa ni wazo.

Simulizi la bunduki lipimwe kwa njia hiyohiyo, ingawa halihitaji kurasa nyingi. Inasimuliwa kwamba baada ya ugomvi wa nyumbani mama yake alizitupa bunduki za mumewe wa pili mtoni, na kijana akazitafuta, akaziuza, na kununua kifaa cha muziki. Baadhi ya masimulizi husema alinunua gitaa lake la kwanza. Rudi kwenye kalenda yako: gitaa alishakuwa nalo tangu alipotimiza miaka 14. Wengine husema alinunua amplifaya, na hilo linakaa vizuri zaidi na tarehe. Hii ndiyo faida ya safu tatu. Hukuwezesha kukamata kosa bila kumtuhumu mtu.

Kuandika talaka bila kumtafuta mkosaji

Talaka ya mwaka 1976 ni kiini cha makala, na wote waliomfahamu wanakubaliana kwamba ilimbadilisha mtoto aliyekuwa mchangamfu akawa mkimya na mwenye hasira. Yeye mwenyewe alieleza akiwa mtu mzima kwamba aliona aibu kuhusu wazazi wake na alitamani familia ya kawaida. Hayo yaandike. Usichukue hatua inayofuata ya kuamua nani alikuwa na kosa, maana hukuwepo, na nusu ya wasikilizaji wako wamelelewa na mzazi mmoja na watasikia hukumu yako kama hukumu juu ya mama zao.

Andika vitu badala ya hukumu. Mtoto huyu alikuwa na rafiki wa kubuni aliyemwita Boddah, tangu akiwa mdogo. Inaelezwa pia kwamba akiwa bado shule ya msingi aliandikiwa dawa ya Ritalin kwa sababu alionekana hatulii. Mambo mawili kama haya, yakiwekwa karibu na tarehe ya talaka, yanaonyesha kwamba walezi walikuwa wakijaribu kufanya jambo, hata kama hawakufaulu, na yanamwondoa mtoto katika ile picha ya mnyonge asiye na mtu.

Chunguza pia undugu kwa upande wa baba na wa mama, kwa sababu huko ndiko muziki ulikotoka. Ndugu wa mama yake walikuwa watu wa muziki. Mjomba wake, Chuck Fradenburg, alipiga katika bendi, na Februari 1981 alimpa Kurt zawadi ya kutimiza miaka 14 kwa kumwambia achague baiskeli au gitaa. Mama yake mdogo, Mari, aliyekuwa mwimbaji na mpiga gitaa, alikuwa na mashine ya kurekodi yenye njia 4 nyumbani kwake, na kijana alikwenda huko kurekodi nyimbo zake za kwanza kwenye kaseti. Ukilisema hili kwa msikilizaji wa Mbeya, ambaye anajua mjomba ana wajibu gani na mtoto wa dada yake, ataelewa papo hapo kwamba familia iliyovunjika katikati ilikuwa bado inashika pembeni.

Miaka ya kazi ionekane

Sasa jaza sehemu ambayo wengi huiruka, yaani kati ya gitaa la mwaka 1981 na umaarufu wa mwaka 1991. Ni miaka kumi, na haina maajabu. Kijana alifundishwa vidole vya kwanza na mpiga gitaa aliyepiga katika bendi moja na mjomba wake. Alipiga kwa mkono wa kushoto. Alikwenda kukaa kwenye mazoezi ya Melvins, bendi ya vijana wa eneo hilohilo, akiwabebea vyombo na kutazama. Baada ya kuacha shule alifanya kazi ya usafi na ya matengenezo, zikiwemo siku za kufanya kazi katika hoteli ya ufukweni. Bendi yake na Novoselic iliundwa mwaka 1987. Tarehe 23 Januari 1988 waliingia studio mjini Seattle na kurekodi nyimbo kumi kwa mchana mmoja, kwa gharama ya dola 152.44, ambazo Cobain alizilipa kutokana na mshahara wake wa usafi. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka Juni 1989, iligharimu dola 606.17 kurekodiwa.

Tarakimu hizo usizizungushe. Senti 44 na senti 17 zinaonyesha kwamba kuna mtu aliyepokea risiti na kuitunza, na kijana anayekusanya elfu mbilimbili za bodaboda au za kubeba mizigo Mwanjelwa ili alipie saa moja ya studio atazisikia senti hizo kwa namna ambayo hatasikia maneno kama «walianza kwa shida». Ya albamu ya pili, iliyotoka tarehe 24 Septemba 1991 na kupanda hadi nafasi ya kwanza Marekani Januari 1992, yaandike kwa aya moja tu, kwa kuwa ndiyo yanayojulikana tayari.

Ugonjwa, heroini na kifo

Cobain aliugua tumbo kwa miaka mingi, maumivu ambayo madaktari hawakuyapatia jibu la kudumu, na alieleza kwamba alitumia heroini kuyatuliza. Andika maelezo hayo kuwa ni yake. Usiyathibitishe wala usiyakejeli. Sema tu kwamba utegemezi uliomshika ulimletea mateso mapya juu ya yale aliyokuwa nayo, na kwamba watu wake wa karibu walijaribu zaidi ya mara moja kumpeleka kwenye matibabu. Alijiua nyumbani kwake Seattle tarehe 5 Aprili 1994, akiwa na miaka 27, na akamwacha mke wake, Courtney Love, na mtoto wao wa kike ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili.

Namna ya kuandika kifo cha aina hii si suala la ladha ya mwandishi. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo kwa wanahabari, na msingi wake ni huu: usieleze njia iliyotumika, usikitaje kifo hicho kana kwamba kilikuwa suluhisho, usikipe sababu moja tu, usikifanye kichwa cha habari, na umweleze msikilizaji mahali pa kupata msaada. Ile barua ya mwisho, ambayo aliielekeza kwa rafiki yake wa kubuni wa utotoni, usiisome hewani hata sehemu yake. Inatosha kusema kwamba jina la Boddah lilirudi katika siku zake za mwisho, na msikilizaji aliyekufuata tangu mwanzo atajua maana yake. Epuka pia simulizi la kwamba umri wa miaka 27 una laana kwa wanamuziki. Ni jambo la kuvutia kusimulia, na linamfundisha kijana kwamba kifo kina ratiba yake.

Kwa hapa kwetu kuna jambo la ziada la kuzingatia. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, inalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na kwa sababu hiyo mtu mwenye mawazo hayo huogopa kusema, nayo familia huogopa zaidi. Makala yako itasikika katika nyumba ambazo jambo hili limefichwa. Kwa hiyo mwishoni mwa kipindi taja huduma za afya ya akili katika hospitali za rufaa, taja namba 116 ambayo mtoto anaweza kuipiga bure kuomba msaada, na kama inawezekana mwalike muuguzi au daktari wa afya ya akili akae studio simu zinapofunguliwa. Mtangazaji asibaki peke yake na mpigaji anayelia.

Ukimwandika mwanamuziki wa hapahapa

Njia hii inafaa pia kwa kijana anayepiga roki Mbeya au Iringa, ambako wengi wao wameshika gitaa kwa mara ya kwanza kanisani, kwenye vyombo vya kwaya. Tofauti ni kwamba mashahidi wako hai na unaweza kuwafikia kwa daladala.

Anza kwa mama. Nenda kwake wakati ambao hauko kwenye msimu wa kupanda au kuvuna, maana mama wa Uyole mwenye viazi shambani hatakaa chini na wewe, na atakujibu kwa heshima tu ili uondoke. Amkia, ulizia hali za nyumbani, na ukiwa Iringa vijijini anza na «kamwene» kabla ya Kiswahili, kisha eleza umetumwa na nani na maneno yake yatakwenda wapi. Daftari libaki kwenye mkoba hadi akukaribishe kuuliza. Badala ya kumwomba akueleze utoto wa mwanawe, mwombe akuonyeshe alichokitunza: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, ripoti za shule. Karatasi hizo zina tarehe, na zaidi ya tarehe, zinamfanya akumbuke. Kadi ya kliniki yenye miezi mitatu isiyo na uzito ulioandikwa inaweza kufungua habari ya safari, ugonjwa au ugomvi ambao hakuna swali lingeufikia.

Niliwahi kumhoji mpiga gitaa mmoja ambaye gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa galoni la mafuta ya kula, ubao, na nyaya za breki za baiskeli alizozifumua kamba moja moja. Aliniambia kwamba baba yake alilichoma moto kwa hasira. Mama yake, tukiwa tumekaa jikoni anachambua mboga, alisema galoni lilirudishwa kwenye kazi ya kubebea maji kwa sababu nyumba haikuwa na lingine, na kwamba mzee aliuza jogoo baadaye ili mtoto alipe ada. Mdogo wake wa kike alikumbuka moto, lakini wa takataka za uani, na ubao ukiwa ndani yake. Makala ilibeba kauli zote tatu, kila moja ikiwa na mwenyewe. Yule kijana alipoisikia aliniomba nisiondoe lolote, ila niongeze kwamba hakuwahi kujua habari ya jogoo.

Kwa mwanamuziki aliye hai, aya zinazohusu ugonjwa, ulevi, kifungo au ndoa msomee mwenyewe kabla hazijatoka, na aya zinazowahusu ndugu zake wasomewe ndugu hao. Akikuomba uondoe jambo linaloweza kumdhuru mtoto mdogo au mgonjwa aliye nyumbani, liondoe bila ubishi. Akikuomba uondoe jambo kwa sababu tu linampunguzia sifa, zungumza naye. Mara nyingi mtakubaliana kuongeza maelezo badala ya kufuta. Majina ya watoto yaache nje kabisa.

Kusoma kwa sauti

Makala ya redio ya dakika kumi haibebi zaidi ya maneno 1,200 hivi ikisomwa kwa utulivu, na rasimu yako itakuwa imezidi hapo. Ukipunguza, punguza kutoka mwisho wa maisha, usipunguze kutoka mwanzo: tuzo, ziara na mauzo viondoke kabla mjomba na mama mdogo hawajaondoka. Majina ya kigeni yafanyie mazoezi hadi yatoke bila kukwama, na kila jina lifuatwe na uhusiano wake, kwa kuwa msikilizaji anayesonga ugali hawezi kurudi nyuma kutazama Novoselic ni nani. Nyimbo utakazopiga ziwekwe kufuata tarehe za kalenda, ili sauti ya mwaka 1988 isikike pale unapozungumzia mwaka 1988, si kibao maarufu kikirudiwa kila baada ya dakika tatu.

Kisha umsomee mtu mmoja ambaye hajawahi kuisikia bendi hiyo na hapendi gitaa la kelele. Mwombe asikusifu. Akimaliza kusikiliza, muulize kijana huyo aliishi na nani alipokuwa na miaka kumi na tatu, na alipata wapi pesa ya kulipia studio. Akishindwa kujibu moja kati ya maswali hayo, rudi kwenye aya inayohusika na uiandike upya kabla ya siku ya kurekodi.